Kibuyu Kilichozibwa kwa Nta

Kaeni, wapendwa. Na ninyi mliojibana pale mlangoni, njooni mbele. Viti vya mbele haviumi, mimi navikalia kila wiki na bado niko mzima.

Mnajua kilichotuleta. Mama Sulle tulimzika kabla mvua hazijaanza, mbegu za mahindi zikiwa bado kwenye magunia, na leo familia yake imetuita tumshukuru Mungu pamoja nao. Sasa wakati naingia, mjukuu wake mmoja, dada mkubwa kabisa mwenye watoto wake, alinishika mkono hapo nje akaniuliza, "Mchungaji, tunashukuru nini? Bibi amekufa." Nilimwomba tu akae mahali nitakapomwona, na yuko pale, amejifunga kitenge cha njano. Mjukuu, swali lako limeyashinda mahubiri niliyokuja nayo, kwa hiyo nimeyaacha mfukoni. Nitakujibu wewe kwa mfano, na hawa wengine watasikiliza kwa jirani.

Alikuwapo bwana mmoja mfugaji. Jina simpi. Nikimpa jina mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani, na kabla sijafika katikati kuna mtu atasema ni shemeji yake.

Bwana huyu alikuwa anajua ng'ombe. Alimtambua kila mmoja kwa mlio wake, na alijua mtamba yupi anataka kuzaa kabla mtamba mwenyewe hajajijua. Lakini ungemuuliza maziwa yanakuwaje mtindi, angekukodolea macho tu. Kwao kibuyu ni cha mwanamke. Mwanamume anakamua, anafikisha ndoo mlangoni, mkono wake unaishia hapo. Akionekana ameshika kibuyu cha mkewe, atachekwa mpaka kwenye josho. Kina baba, naona mnatabasamu. Hamjabadilika sana.

Na mke wa bwana yule alikuwa na mkono mzuri wa maziwa. Aliosha kibuyu chake, akakifukiza kwa mkaa wa mti anaoujua yeye, akamimina maziwa ya asubuhi juu ya yale machache yaliyobaki ya zamani. Kina mama mnaelewa. Kina baba, ngoja niwaeleze, maana mnakunywa tu. Kibuyu hakimalizwi. Siku zote unaacha kidogo chini. Kile kidogo ndiyo mbegu. Ukimimina maziwa mapya juu yake, yanaganda na kupata ladha ileile ya jana na ya juzi. Ukimaliza yote, kesho huna kitu, utakwenda kubisha hodi kwa jirani.

Mtindi wa mama yule ulikuwa na moshi kidogo, uchachu kidogo, na kitu kingine ambacho mumewe hakuweza kukitaja, ila angeletewa vikombe kutoka nyumba zote za bonde lile, cha kwao angekijua kwa funda la kwanza. Alikunywa kikombe chake kila asubuhi, akafuta mdomo kwa kiganja, akaenda zizini. Alishukuru? Hakushukuru. Alikuwa mtu mwema, msimchukie, lakini tuseme ukweli: nani kati yetu anashukuru kwa kitu kinachokuja kila asubuhi?

Mama yule akaugua.

Walikwenda hospitali, wakarudi, wakaenda tena. Mwishowe daktari akawaita wote wawili akawaambia kwa upole kwamba dawa zimefika mwisho wake, mama apumzike nyumbani. Wakarudi, mume akiwa ameishika kofia yake mkononi njia nzima kama mtu aliyesahau kazi ya kofia.

Sasa mgonjwa akawa anatolewa nje asubuhi, anakaa kwenye jua na blanketi magotini, watu wanakuja kumwona. Na kila aliyekuja, mama alimwambia, "Nenda jikoni ukachote mtindi kidogo, ukaongezee maziwa kwako." Siku moja akaja binti aliyekuwa ameolewa karibuni kule juu mlimani, mgeni kabisa, hata salamu ya pale alikuwa bado anaikosea. Mama akamwambia na yeye aende akachote. Binti akatoka na kikombe amekifunika kwa kiganja, na mume alimwona.

Alipokwenda zake, mume akasema, "Mama watoto, huyo hata hatumjui. Mbona unagawa kama mtu anayehama?"

"Na si nahama?" mkewe akamjibu.

"Usiseme hivyo."

"Baba watoto, daktari aliposema ulikuwepo. Watu wote wakija hapa wananiambia nitapona, na mimi naitikia ili wasijisikie vibaya. Na wewe nikuitikie hivyohivyo? Basi nitazungumza na nani?"

Jamani, hapo naomba nisimame kidogo. Tunakwenda kumwona mtu anayekufa, tunamsimulia bei ya mbolea. Tunamwambia, "Utapona tu, mwezi ujao tutakuona shambani." Tunadhani tunampa moyo, kumbe tunamfungia mlango. Anabaki peke yake na jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kukutana nayo, na sisi tumejaa chumbani. Yule mama alichotaka ni mtu mmoja tu asiyemkimbia.

Mume akajikaza, akavuta kigoda, akaketi karibu naye. Akauliza swali ambalo wengi wetu hatuthubutu kuliuliza. "Unaogopa?"

"Kidogo," mkewe akasema. "Naogopa kama nilivyoogopa siku ya kuletwa hapa. Nililia njia nzima. Nilikijua ninachokiacha, ninachokwenda kukikuta sikukijua. Kisha nikafika, nikakuta kuna mtu amesimama mlangoni na kibuyu mkononi, ananisubiri mimi." Akatabasamu. "Mbegu yangu nilipewa, baba watoto. Sikuzaliwa nayo."

Hapo ndipo angepaswa kuuliza, "Ulipewa na nani?" Hakuuliza. Aliinuka, akasema anakwenda kumtazama ndama. Ndama hakuwa na tatizo lolote. Alimshika shingo akalia pale zizini mpaka ndama akachoka kushikwa.

Siku chache baadaye mama yule akafa, asubuhi, jua likiwa limeshafika kwenye blanketi lake.

Wakamzika vizuri. Watu walikuja kutoka pande zote, na majirani wakashika jiko. Kati yao alikuwapo mama mmoja wa nyumba ya pili, rafiki mkubwa wa marehemu, mama mwenye sauti ambayo ng'ombe wanaisikia kabla hajavuka mto. Bwana yule hakuwahi kumpenda. Alimwona mtu wa kuomba-omba: leo chumvi, kesho kaa la moto, keshokutwa majani ya chai. Katika msiba ule mama huyo ndiye aliyesimamia masufuria tangu siku ya kwanza hadi wageni wa mbali walipoondoka, lakini bwana yule hakumwona. Mfiwa haoni mengi, tusimlaumu kwa hilo.

Watu walipotawanyika, akaingia jikoni. Akakiona kibuyu cha mkewe kimening'inia mahali pake. Akakishusha, kwanza akitazama mlangoni asije akaonekana. Kilikuwa kizito. Akakitikisa, akasikia maziwa yakicheza ndani. Yalikuwa maziwa aliyoyamimina mkewe kwa mkono wake mwenyewe, ya mwisho. Yule mtu akakaa chini kwenye majivu na kibuyu kifuani, akalia kama mtoto.

Na alipomaliza kulia akafanya jambo. Alikuwa na nta ya nyuki, aliyokuwa akizibia mizinga yake. Akaiyeyusha, akakipaka kizibo cha kile kibuyu kuzunguka pande zote, mara mbili, mara tatu, mpaka hewa haipiti. Akakitoa jikoni, akakitundika kwenye boriti juu ya kitanda chake. Akajiambia, "Haya hayanywi mtu. Haya ni yeye."

Mnaona alichofikiri? Aliona kila funda litakalonywewa litampunguza mkewe. Akaona akiziba vizuri, hatapungua tena. Kina mama wanaguna hapo nyuma, kwa sababu wanajua maziwa. Yeye hakujua. Maisha yake yote mkono wake ulikuwa unaishia mlangoni.

Wafariji walikuja. Mmoja alimwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Mwingine akamwambia, "Sahau yaliyopita, bado una nguvu, tafuta mwingine akupikie." Walimpenda, nakubali. Lakini kila walipoondoka alikwenda kukigusa kile kizibo kuona kama nta bado imeshika. Ukimwambia mtu aliyefiwa asahau, atashikilia zaidi. Unataka asahau nini? Kitanda alicholala naye? Sauti iliyomwita kula? Ndugu zangu, kulia si ukosefu wa imani, na huzuni si homa ya kumezea vidonge ikapita. Ni upendo uliobaki nyumbani wakati aliyependwa ametoka, na haujui uende wapi.

Basi nyumba ile ikawa hivyo. Nyumba yenye ng'ombe wa maziwa, mgeni akija anapewa chai ya rangi! Watu walitoka pale wakitazamana. Maziwa ya asubuhi yaliachiwa ndama, ndama wakanenepa mpaka wakawa wavivu, na yaliyobaki wakapewa mbwa. Hakutaka kibuyu kingine kigandishwe ndani ya nyumba ile. Na yeye mwenyewe akakonda.

Siku moja yule mama jirani akaja na kikombe mkononi.

"Hodi, shemeji."

"Karibu."

"Shemeji, sikai. Mbegu yangu imekufa. Za watu zipo, lakini mimi nataka ladha ya rafiki yangu. Nipe japo ya kijiko."

"Sina."

Mama akainua macho, mlango wa chumba ulikuwa wazi, akakiona kibuyu juu ya kitanda. "Na kile?"

"Kile si cha kunywa. Kile ni chake."

Mama yule akashusha sauti yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilifanya. "Shemeji yangu, maziwa hayafungiwi. Yasipoongezewa mapya yanakufa. Kifungue leo, nami nitakusaidia."

Hapo bwana yule akapandisha hasira. "Wewe umezoea kuomba! Leo chumvi, kesho moto. Hata marehemu humwachii kitu kimoja?"

Ungetegemea ugomvi, kwa sauti ile aliyokuwa nayo. Mama yule alikiangalia tu kikombe chake. Akasema, "Haya, shemeji. Ubaki salama," akageuka akaenda. Na hakwenda upande wa kwake. Alishika njia ya mlimani.

Sasa kwao walikuwa na desturi. Siku ya kumaliza msiba, kama leo hii, watu hawaondoki mpaka wameonja mtindi wa nyumba ya marehemu. Wanauonja kwa kupokezana kata moja ya kunywea, na kila mmoja akishameza anasema neno moja tu la shukrani, anampa mwenzake. Bila hivyo msiba haujaisha, umesimama tu.

Siku hiyo ikafika. Turubai likafungwa uani, watu wakajaa. Bwana yule alikuwa ameamua moyoni kwamba leo, kwa heshima ya mkewe, atakifungua kibuyu. Atalamba yeye kwanza, watoto wake watapata tone tone, wageni wataonja kwa ncha ya ulimi, kisha atakiziba tena. Akakitoa nje mbele ya wote. Watu walimwona ameshika kibuyu, lakini hakuna aliyecheka. Akachukua kisu, akaanza kuikata nta, polepole. Alikuwa anakwenda kumwonja mkewe tena.

Kizibo kikatoka.

Waliokaa mstari wa kwanza walirudi nyuma na viti vyao. Harufu ilikwenda mpaka zizini. Akainamisha kibuyu kwenye kata, yakatoka maji ya kijani, kisha kipande cha kitu cheusi chenye manyoya. Akatikisa, akatikisa tena, kama mtu anayedhani yale mazuri yako chini yanakawia. Hakuna kilichokuja. Kibuyu chenyewe kilikuwa kimeoza kwa ndani, kidole kikipita kwenye ukuta wake.

Bwana yule akapiga magoti palepale. Akasema kwa sauti iliyosikika na kila mtu, "Nimemuua tena. Alinibakia huyu mmoja, na nimemuua kwa mikono yangu."

Watu wakatazama miguu yao. Mwenyekiti wa kamati ya msiba, kwa kutojua la kufanya, akaanzisha wimbo, akaushika juu mno, akabaki nao peke yake mpaka ukamshinda.

Ndipo geti likafunguka. Akaingia yule mama wa nyumba ya pili, amechelewa, amebeba nyongani kitu kilichofungwa kwa khanga. Alipoiona ile hali, na harufu akaisikia, hakuuliza kitu. Akapiga magoti kando ya yule bwana, akafungua khanga, kikatoka kibuyu. Akaisuuza kata kwa maji, akamimina, akamwekea mkononi.

"Kunywa, shemeji."

"Sitaki. Siwezi kunywa ya mtu mwingine leo."

"Kunywa kwanza, halafu useme."

Akanywa. Wapendwa, uso wa yule mtu! Alifumba macho, akayafumbua, akanywa tena. Moshi kidogo, uchachu kidogo, na kile kitu kingine kisicho na jina. Akamgeukia yule mama kama aliyeona maiti imekaa kitako.

"Umeyatoa wapi?"

"Mlimani, kwa yule binti aliyeolewa karibuni. Alipokuja kumtazama mgonjwa, mkeo alimpa kikombe. Wengine waliopewa waliyachanganya na ya kwao, ila yeye ameyatunza vizuri mno, mtoto wa watu. Nilikwenda kwake siku ile uliponinyima, nimekuwa nikiyakuza tangu hapo kwa ajili ya leo."

Yule bwana akakumbuka. Alikumbuka binti na kiganja chake juu ya kikombe, na maneno aliyoyasema, kwamba huyo hata hatumjui. Kilichomfikia leo ni kile alichotaka kisitoke nyumbani kwake. Alichokilinda ndicho alichokimwaga sasa hivi kwenye vumbi.

Akasema kwa unyonge, "Nilidhani haya ni yake peke yake. Nilidhani akiondoka yeye, yameondoka."

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Yake peke yake? Shemeji, mimi na mkeo tuliletwa hapa msimu mmoja. Yeye kibuyu alichopewa kwao kilipasuka njiani, akafika mikono mitupu, analia, ana aibu. Unajua ni nani aliyemsubiri mlangoni? Ni mama yako mzazi. Alimchotea kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe, na mimi akanipa hapohapo. Moshi na mkono vilikuwa vya mkeo. Mbegu ilikuwa ya mama yako, na yeye aliipata kwa mwanamke mwingine ambaye mimi na wewe hatukumwona."

Bwana yule akaitazama ile kata mkononi mwake. Mama yake alikuwa amekufa zamani. Alimlilia, akamzika, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba kwa mama yake hakubakiwa na kitu. Kumbe kila asubuhi, kabla ya kwenda zizini, alikuwa akinywa kutoka kwenye mkono wa mama yake, anafuta mdomo kwa kiganja, anaondoka. Hakuwahi kujua. Hakuwahi kusema asante, kwa huyu wala kwa yule.

Akauliza jambo moja tu. "Na mbegu yako wewe ilikufaje?"

Yule mama alitaka kunyamaza, lakini waliokuwa jikoni siku za msiba walijibu kwa niaba yake. "Ilikufa akiwa hapa kwako. Alipika hapa siku zote zile, kwake hakuna aliyeongezea maziwa."

Sasa angalieni alichokifanya. Yule mtu aliinuka, akaenda mwenyewe jikoni mbele ya wanaume wenzake wote, akatoka na maziwa ya asubuhi yaliyokuwa yanasubiri mbwa, na kibuyu kitupu kilichokuwa cha mkewe cha akiba. Akaketi chini kando ya yule mama. Akasema, "Shemeji, nisamehe. Nifundishe." Mama akamwonyesha. Akaweka mbegu chini, akamimina maziwa mapya juu yake kwa mkono wake, mkono mzito usiojua, na mengine yakamwagikia magoti. Kisha akachukua kata, akanywa funda, akasema lile neno moja la shukrani lililokuwa linasubiriwa na watu wote. Akampa kata yule mama, wa kwanza kabla ya ndugu zake. Kata ikazunguka, na msiba ukaisha.

Mfano wangu umefika hapo, wapendwa. Sasa sisi.

Mjukuu wa kitenge cha njano, uliniuliza tunashukuru nini. Hatushukuru kwamba Bibi amekufa. Kifo kinauma, na atakayekuambia hakiumi, muulize kama ameshawahi kuchimba kaburi la mtu wake. Tunashukuru kwa sababu tulipewa. Huwezi kulia hivi kwa kitu ambacho hukuwahi kupewa. Machozi yako ya leo ni asante iliyochelewa kidogo, na Mungu anaipokea hata ikichelewa.

Lakini sisi nasi tunaziba kwa nta, tena wengi. Mtu amefiwa na mume, hasemi jina lake tena ndani ya nyumba, na watoto wamejifunza kunyamaza. Mwingine amefiwa na mama, chumba kimefungwa, mazulia yanaliwa na mchwa, na anaita hiyo ni heshima. Na mabinti wa Mama Sulle, nawapenda, ninyi mnajua hivyo, ila nimesikia kwamba vitenge vya mama bado viko kwenye sanduku na ufunguo unalala chini ya mto wa mmoja wenu. Simtazami mtu. Natazama dirisha.

Wengine mnaambiwa msahau, na mnajaribu, na mnashindwa, na mnaona mna kasoro. Hamna kasoro. Mbegu haitupwi. Angalieni tena kile kibuyu: maziwa mapya hayakuja kuyafukuza ya zamani. Yale ya zamani, yaliyokaa kidogo kule chini, ndiyo yanayoyageuza mapya yawe na ladha. Uchungu wako usiufungie, wala usiumwage. Mimina siku mpya juu yake. Kesho mimina nyingine. Zungumza naye aliyemjua, cheka pale alipokuwa akikuchekesha, mpe mgeni alichokupa yeye. Utashangaa siku moja ukionja maisha yako, utakuta ladha ya yule uliyemlilia imo humo, nawe unaendelea kuishi.

Na sisi sote tutahama, hata mimi na suti yangu hii mnayoicheka. Je, nani atakuwa amechota kwetu? Yule mama alifika mlangoni akiogopa, akakuta mtu anamsubiri. Mimi naamini amefika mlango mwingine sasa, akakuta hivyohivyo. Lakini kwa upande huu wa mlango aliyekuwa anasubiri ni mama mkwe mwenye kibuyu, na leo anayesubiri ni wewe.

Mama Sulle alikuwa akisimama barabarani kuwasalimia watoto wa shule mmoja mmoja, kwa majina, hata wale watukutu. Mmekuwa mkisema, "Ile salamu imekufa na Bibi." Imekufa kwa sababu gani? Ninyi hamna midomo? Mjukuu, kesho asubuhi simama pale barabarani. Utaona aibu siku ya kwanza. Mkono wako utakuwa mzito kama wa yule bwana.

Basi tuinuke. Hapo nje kina mama wametuandalia mtindi, nimesikia harufu yake tangu nilipoanza, na ninyi pia, ndiyo maana mmenisikiliza haraka haraka. Ukipewa kikombe, kabla hujanywa, muulize aliyekupa: mbegu hii ilitoka kwa nani? Atakutajia jina. Sema asante kwa sauti, jina hilo lisikike. Halafu unywe, ufurahi, na usimalize yote.

Acha kidogo chini.